pgAdmin na vitu vilivyoachwa njiani

pgAdmin ni programu ya kusimamia hifadhidata za PostgreSQL kwa madirisha na vitufe. Ilianza mwaka 1998 kwa jina la pgManager, kisha ikaandikwa upya na kuitwa pgAdmin. pgAdmin II ilitoka Januari 2002. Matoleo hayo ya awali yaliandikwa kwa Visual Basic, lugha ya Windows. pgAdmin III iliandikwa kwa C++, hivyo ikatumika pia kwenye Linux na Mac.

Toleo hilo la tatu lilikuja kuwa na uwanja wa kuunda maulizo kwa kuchora. Mtumiaji aliburuta majedwali mawili, akavuta mstari kutoka safu ya moja hadi safu ya jingine, na programu ikamwandikia SQL.

Chukua mfano wa Tanzania, ambako PostgreSQL iliingia kwenye takwimu za afya kupitia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu hizo. Vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, vinavyojazwa kwa mkono kwenye vituo vya afya hufanyiwa majumuisho ya kila mwezi, na tarakimu hizo huishia kwenye mfumo huo. Ndani yake, jedwali la "datavalue" hutunza tarakimu na "organisationunit" hutunza vituo. Ili kila tarakimu ionekane na jina la kituo chake, "sourceid" ya jedwali la kwanza huunganishwa na "organisationunitid" ya jedwali la pili. Kwenye pgAdmin III, kazi hiyo ilikuwa mstari mmoja wa kuchora.

Septemba 2016 ilikuja pgAdmin 4, iliyoandikwa kwa Python na JavaScript ili iweze kutumika hata kupitia kivinjari. Msimbo wa C++ haukuhamishwa, hivyo kila kipengele kilihitaji kujengwa tena. Uwanja wa kuchora maulizo haukujengwa, wala pgScript, lugha ndogo ya kuendesha amri kwa mfululizo. Kubaki na toleo la zamani nako kulikuwa na mwisho: PostgreSQL 10 ilipotoka Oktoba 2017, pgAdmin III haikuwa imeandaliwa kwa ajili yake.

Jambo kama hilo liliwakuta watumiaji wa SQL Server mwaka 2019. Programu yao ya usimamizi, Management Studio 18, ilitoka bila michoro ya hifadhidata. Baada ya malalamiko, michoro ikarudishwa katika 18.1 mwaka huohuo. Huko kipengele kilikuwa kimeondolewa kwenye programu iliyokuwa ikiendelea, hivyo kukirudisha kulikuwa rahisi. pgAdmin 4 ilibidi ianze mwanzo: zana yake ya kuchora uhusiano wa majedwali ilifika mwaka 2021, nayo hutumika kusanifu majedwali, si kuandika maulizo. Anayetaka kuunganisha tarakimu na vituo huandika amri ya JOIN mwenyewe. Maulizo ya SQL yaliyohifadhiwa kwenye faili tangu enzi ya pgAdmin III, hata hivyo, bado yanafunguka na kuendeshwa kwenye pgAdmin 4.