Siagi ya sukari: chakula kidogo chenye historia ndefu hapa Kivu

Asubuhi nyingi katika familia za wahamaji mtoto anaomba kitu cha kupaka kwenye mkate, na mama hana. Akipata pesa kidogo, ananunua kijiko cha margarini sokoni, kimefungwa katika mfuko wa plastiki. Watoto waliokimbia Masisi na Rutshuru tangu 2022 wanaweza kufikiri kwamba mambo yalikuwa hivi siku zote. Hapana. Siagi na sukari, vyote viwili vilitoka hapa kwetu.

Tuanze na siagi. Wafugaji wa milima yetu walikuwa nayo mbele ya Wabelgiji kufika. Wanawake waliacha maziwa yagande siku moja ao mbili, wakayamimina katika kibuyu kikubwa, igisabo kwa Kinyarwanda, wakakitikisa mpaka mafuta yajitenge. Waliyaita mafuta ya ng'ombe. Walipikia chakula na kujipaka mwilini. Hawakuyapaka kwenye mkate, maana mkate haukuwepo.

Mkate na chai vilikuja na wakoloni. Mwaka wa 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, na kupitia kwayo walowezi walipata ardhi kubwa. Masisi ikajaa mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Wenyeji wengi walipoteza ardhi yao. Mwaka wa 1973 Mobutu alinyang'anya wageni mali, lakini mashamba mengi yakaenda kwa watu wa karibu na utawala. Ugomvi wa ardhi wa leo una mizizi huko pia.

Sukari nayo ilikuwa na kwao. Katika miaka ya 1950 kiwanda kilijengwa Kiliba, katika bonde la Ruzizi karibu na Uvira, katikati ya mashamba ya miwa. Basi mama wa Goma ao Bukavu aliweza kuchanganya siagi ya Masisi na sukari ya Kiliba, na watoto wakaenda masomoni wameshiba.

Kisha vita. Kuanzia 1993 ng'ombe wa Masisi waliporwa na kuchinjwa kwa wingi. Mwaka wa 1996 kiwanda cha Kiliba kikasimama. Sukari ya nje na margarini vikachukua nafasi.

Margarini ilivumbuliwa Ufaransa mwaka wa 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès, kwa kuwa siagi ilikuwa ghali kwa maskini. Leo nyingi inatengenezwa kwa mafuta ya mimea, mawese yakiwemo. Na mwaka wa 1911 Wabelgiji walimpa Mwingereza William Lever ardhi kubwa ya michikichi Kongo, ili mawese yaende viwandani Ulaya.

Mwenye kupata maziwa halisi ya ng'ombe anaweza kutengeneza siagi yake. Lita 5 zinatoa karibu gramu 200. Chemsha maziwa, yaache yapoe, kisha kusanya utando wa juu. Ongeza kijiko cha maziwa yaliyoganda, funika, ngoja siku moja. Mimina katika chupa safi yenye mdomo mpana, usiijaze, na uitikise nusu saa ao zaidi, mpaka uone punje za manjano. Maji ya maziwa yanayobaki yanyweni, msiyamwage. Osha siagi kwa maji baridi yaliyochemshwa mbele, mpaka maji yatoke safi. Usipoosha vizuri inaharibika haraka. Twanga vijiko 3 vya sukari, changanya pamoja na chumvi kidogo sana. Asali vijiko 2 inafaa pia, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Bila firigo, weka kopo lenye kifuniko ndani ya maji baridi, na mmalize kwa siku tatu.

Mama aliyekimbia Masisi hakuweza kubeba ng'ombe wake. Kazi hii anaijua bado mikononi. Awaonyeshe watoto, wasichana na wavulana, hata kwa chupa ndogo. Siku ya kurudi, ng'ombe wanaweza kununuliwa mmoja mmoja. Lakini kibuyu kitahitaji mtu anayejua kukitikisa.