Boriti, Chokaa na Zidaka: Vifaa vya Ndani katika Nyumba ya Mawe ya Waswahili

Mwalimu afundishaye Al-Inkishafi mbali na bahari hukutana na shida moja ambayo kamusi haiwezi kuitatua. Mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anatuonyesha majumba ya Pate yaliyokwisha kuhamwa, na miongoni mwa anayoyataja ni zidaka, ambazo zamani zilipangwa vyombo vya kaure na baadaye ndege wakazifanya makao. Mwanafunzi afunguapo kamusi huambiwa kwamba kidaka ni tundu lililoachwa ukutani. Hapo hukumbuka tundu la kuwekea kibatari katika ukuta wa udongo wa nyumbani kwao, akashangaa: mtu mzima atalilia tundu? Sisi tufundishao hapa Bujumbura tumeulizwa swali hilo zaidi ya mara moja, na makala haya ni jaribio la kulijibu. Jibu lenyewe limo katika vifaa ambavyo wajenzi wa Lamu na Pate walivichagua kwa sehemu za ndani za nyumba zao.

Yafaa tuseme mapema kwamba mji wa Waswahili haukuwa wa mawe matupu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alieleza kwamba nyumba zake zilijengwa kwa miti, ingawa katika karne hiyo hiyo jumba la Husuni Kubwa lilijengwa hapo kwa mawe. Watu wengi wa pwani, tangu zamani hizo hata baadaye sana, walikaa katika nyumba za fito, udongo na makuti. Tena wachimbuaji wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba msikiti wa mawe ulisimama pale pale palipokuwa na misikiti ya miti iliyoutangulia. Basi wale walioandika kwamba ujenzi wa mawe uliletwa na wageni ukiwa umekamilika, hawakutazama chini ya misingi.

Jiwe la pwani ni la namna mbili, na hapa ndipo uchaguzi unapoanzia. Liko jiwe la mwamba mkavu, lichimbwalo nchi kavu: gumu, lenye ncha, lisilokubali patasi. Hilo hufaa kwa kuta, ambazo unene wake ni karibu nusu mita. Na yako matumbawe yakatwayo baharini yangali mabichi. Haya ni mepesi, na yakiwa na maji huchongeka kwa urahisi. Yakiisha kupata jua na hewa huwa magumu. Mwashi hakuyapoteza matumbawe katika ukuta wa kawaida. Aliyaweka akiba kwa mahali pa kutazamwa, yaani miimo ya milango, mihrabu ya msikiti, na zidaka.

Chokaa nayo ilitoka katika jiwe lilo hilo. Magogo yalipangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu yake, moto ukatiwa. Chokaa iliyopatikana haikutumiwa siku ile. Iliachwa miezi kadhaa ikinyeshewa mvua hata ikalainika. Mwenye haraka hakuwa na nyumba nzuri.

Lakini kifaa kilichotawala vyote ni boriti. Boriti ni gogo la mkoko, mti umeao katika matope ya bahari, mgumu, ambao mchwa hawaupendi. Boriti moja hadi nyingine zililazwa juu ya kuta mbili, zikafunikwa kwa mawe bapa, kisha kokoto na chokaa zikamwagwa juu na kushindiliwa na watu wengi kwa vigongo, huku wakiimba. Sasa, mkoko una kimo chake, wala boriti ndefu kupita kiasi haiwezi kuubeba uzito ule wa mawe bila ya kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba haukuzidi sana mita 3, na aghalabu ulipungua. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa chumba, au kujenga chumba kingine sambamba na cha kwanza, au kupandisha ghorofa; kuongeza upana hakuweza, hata angekuwa na fedha za namna gani.

Kutokana na kipimo hicho nyumba ya Lamu ilipata sura yake. Mgeni hupita daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe, akaingia tekani, akatokea kiwanda kilicho wazi juu. Baada ya kiwanda vyumba virefu vyembamba vimefuatana, kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichokitangulia: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. (Wanafunzi na waangalie tini na yuu, ambayo kwa Kiswahili sanifu ni chini na juu, vilevile zidaka ni vidaka.) Nuru yote hutoka kiwandani. Hata ifikapo ndani imekwisha kudhoofika, na ndiyo maana tunaamini kwamba weupe wa chokaa haukuwa pambo tu. Ukuta mweupe huichukua nuru hiyo haba na kuirudisha.

Katika ukuta wa ndani ndipo zilipopangwa zidaka, safu juu ya safu, nyingine kutoka sakafuni hadi karibu na boriti, kila kimoja kikiwa na upindo wake na nakshi zilizochongwa katika lipu ya chokaa. Humo viliwekwa vyombo vya kaure vya Uchina na vitu vingine vya thamani. Hicho kilikuwa chumba cha faragha, makao ya wanawake wa nyumba. Na katika desturi ya waungwana wa Lamu, baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba, au orofa ya nyumba, alipoolewa, ili asiondoke kwa jamaa zake. Hivyo mwenye kuzitazama zidaka alizitazama mali, nasaba na ndoa kwa pamoja. Kidaka kilichoachiwa ndege ni nyumba isiyo na binti wa kuirithi. Mwanafunzi akilipata hili, hatatuuliza tena habari za tundu.

Boriti hazikuishia pwani yetu. Majahazi yalizichukua kwa karne nyingi hadi Omani na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kutosha, hata vyumba vya nyumba za kale za huko navyo vikawa vyembamba kwa sababu iyo hiyo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982, ili kuihifadhi mikoko.

Kuja bara, mambo yaligeuka. Wafanyabiashara wa pwani waliojenga Tabora hawakuwa na matumbawe wala mikoko. Nyumba ya Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, ni tembe: kuta nene za udongo na paa bapa. Kilichotoka pwani ni mlango wa nakshi. Uchaguzi wao hatuuoni kuwa duni, maana walichukua kile kilichobebeka.

Lugha nayo imeweka kumbukumbu ya vifaa hivi. Sakafu, ambayo leo ni chini tukanyagapo, inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Katika nyumba ya ghorofa dari ya mmoja ni sakafu ya mwingine. Saruji ni ajabu zaidi. Kwa Kiajemi, na hata leo huko Omani, neno hilo ni jina la lipu ya kienyeji isiyopitisha maji, iliyotumika katika mifereji. Waswahili wakalihamishia kwenye unga wa kiwandani.

Unga huo ndio uliobadili ndani ya nyumba. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, nayo ilitokana na mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile la mababu, ila limechomwa pamoja na udongo kwa moto mkali mno. Saruji hukauka upesi, nayo ina nguvu. Hatuwezi kumlaumu mtu aliyeipenda. Tatizo ni pale inapopakwa juu ya ukuta wa zamani. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhi na kuutoa nje polepole. Saruji huuzuia. Unyevu na chumvi vikabaki ndani, lipu ikapasuka, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vikaoza bila ya mtu kuona. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001, na katika miji yote miwili waashi wa matengenezo wamelazimika kuirudia chokaa. Kazi yao ya kwanza aghalabu ni kuibandua saruji, na inapong'oka mara nyingi huondoka na uso wa jiwe, pamoja na nakshi kama zilikuwapo.