Kutoka Uruhimbi hadi Kabati: Jiko la Kanzenze na Historia Yake katika Maneno

Katika insha za maelekezo za mwaka wa pili, mwanafunzi wetu mmoja mwenyeji wa Kanzenze, wilayani Rubavu, alieleza jinsi wazazi wake walivyokuwa wakijiandaa kukarabati jiko na bafu la nyumba yao baada ya mavuno mazuri ya viazi. Insha ilikuwa safi. Lakini katika aya ya tatu aliandika kwamba fundi angetengeneza "tubati tutatu". Tulipiga mstari mwekundu, tukaandika pembeni "makabati matatu", tukamkata alama mbili. Alipokuja ofisini hakubishana. Aliuliza tu: "Mwalimu, kwani ka- ya kabati si ile ya akana?" Hatukuwa na jibu la papo hapo. Makala haya ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Ka- iliyopata ngeli

Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba neno kabati limetoholewa kutoka Kiingereza, na kwamba katika Kiswahili sanifu limeingia katika ngeli ya LI-YA: kabati hili, makabati haya. Silabi ka- haina kazi yoyote ya kisarufi. Ni sehemu ya neno tu.

Neno hilo lilipoingia katika Kinyarwanda, mambo yalibadilika. Lugha hiyo ina ngeli hai ya vitu vidogo, aka- katika umoja na utu- katika wingi: akana ni mtoto mdogo, utwana ni watoto wadogo. Wasemaji waliposikia kabati, masikio yao yalitambua kiambishi. Wakasema akabati, na kwa wingi utubati. Hivyo hata kabati linalogusa dari, linalobebwa na wanaume wanne, kisarufi ni kijitu kidogo.

Je, hilo ni kosa? Tukijibu ndiyo, hatuna budi kujihukumu sisi wenyewe kwanza. Kitabu ni neno la Kiarabu, na ki- yake asili yake si kiambishi hata kidogo, bali ni sehemu ya mzizi. Waswahili walisikia ki-, wakaunda vitabu, na hakuna mwalimu anayemkata mtu alama kwa sababu hiyo. Alichofanya mwanafunzi wetu ni kuirudisha kabati katika Kiswahili ikiwa imevaa nguo za Kanzenze. Na tukivuka mpaka kuingia Goma, tutakuta Kiswahili cha huko kinatumia ka- na tu- bila wasiwasi: katoto, tutoto.

Vyumba viwili vilivyobeba -ni

Ushahidi mwingine uko katika majina ya vyumba vyenyewe. Jiko kwa Kinyarwanda ni igikoni. Neno la kawaida la choo ni umusarani, ingawa kwa adabu zaidi husemwa ubwiherero. Tuyatazame maneno hayo mawili kwa makini. Kinyarwanda hakionyeshi mahali kwa kiambishi tamati -ni. Hutumia mu na ku mbele ya nomino. Hiyo -ni imetoka wapi basi? Imetoka katika jikoni na msalani. Maneno yalichukuliwa mazimamazima pamoja na kiambishi cha mahali, kikageuka kuwa sehemu ya jina. Mnyarwanda anaposema mu gikoni, anakitaja mahali mara mbili bila kujua.

Wakati huohuo, Kinyarwanda kina neno lake la asili, iziko, yaani mahali pa moto, ambalo ni ndugu wa jiko letu. Kwa hiyo moto ulibaki na jina lake la kale, na chumba kikapata jina la kigeni. Tofauti hiyo inatuambia jambo la kihistoria: palipokuwa na moto ndani ya nyumba, hapakuhitajika jina la chumba cha moto. Jina lilihitajika wakati aina mpya ya nyumba, yenye kuta za kugawa shughuli, ilipoingia.

Nyumba hiyo ilikuja na msamiati wake. Mwaka 1894 msafara wa Mjerumani von Götzen, ulioanzia Pangani, ulifika Rwanda na kulifikia Ziwa Kivu. Wamisionari wa Kikatoliki walianzisha misheni ya Nyundo, katika eneo ambalo leo ni wilaya hiyohiyo ya Rubavu, mwaka 1901. Richard Kandt aliasisi Kigali mwaka 1907. Hadi mwaka 1916 Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala, ya askari na ya wachuuzi. Tukiorodhesha maneno ya ujenzi na ya vyombo yanayotumika Kanzenze leo, tunaiona njia hiyo: itafari, idirishya, umusumari, umufundi, kisha ameza, isahani, isafuriya, igikombe, ikiyiko. Wanafunzi wa fonolojia wazingatie kwamba kikombe kimekuwa igikombe, lakini kijiko kimebaki na k katika ikiyiko. Hiyo ni Kanuni ya Dahl ikifanya kazi katikati ya kabati la vyombo.

Kabla ya kabati

Isidhaniwe kwamba nyumba ya kale haikuwa na mpangilio. Ndani ya nyumba ya jadi ya Kinyarwanda palikuwa na uruhimbi, jukwaa lililoinuliwa ambapo viliwekwa ibyansi, vyombo vya maziwa vya mti vyenye vifuniko vilivyosukwa. Uruhimbi haukuwa rafu ya kuwekea chochote. Palikuwa mahali pa heshima, na vilivyokaa hapo vilimweleza mgeni hali ya nyumba kabla mwenyeji hajasema neno.

Upwani nako palikuwa na jambo la kufanana na hilo. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu ukutani katika vyumba vya ndani, vikiwekwa vyombo vya kaure vilivyokuja na jahazi. Bafu nalo lilikuwa na birika la maji, na samaki wadogo waliwekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Huo ni mpango wa bafu uliofikiriwa vizuri muda mrefu kabla ya mabomba.

Uruhimbi na kidaka vinakubaliana katika jambo moja: vyote viko wazi. Kabati lilileta mlango, na mara nyingi kufuli. Kilichokuwa kikionyeshwa kikaanza kufichwa. Labda ndiyo maana sebule nyingi zina kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havinywewi chai. Kioo hicho ni uruhimbi uliokataa kufa.

Historia inavyotusaidia kupanga

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanamfaa nini mama wa Kanzenze mwenye fedha za mavuno ya msimu mmoja tu? Tulimtembelea yeye na mumewe kabla fundi hajaanza kazi, na tukaona kwamba swali la kabati ni la mwisho, si la kwanza.

La kwanza ni moto. Kanzenze ni nyanda za juu zenye baridi, na maharage huchukua saa nyingi kuiva. Jiko la ndani lenye makabati halitavumilia moshi wa kuni, wala mapafu ya wapishi hayataukubali. Familia ile iliamua kubaki na jiko la nje kwa ajili ya kuni, na jiko la ndani liwe la gesi. La pili ni maji: yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na je, jiko na bafu vinaweza kushirikiana ukuta mmoja ili bomba liwe fupi na gharama ipungue? La tatu ni ukuta wenyewe. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba nyingi za Gisenyi na Goma. Kabati zito lililoning'inizwa kwenye ukuta dhaifu, juu ya kichwa cha mpishi, ni hatari. Afadhali uzito ukae chini.

Ndipo huja mbao. Mbao za unga uliogandishwa kwa gundi ni nafuu na zinapendeza dukani, lakini zikinyonya maji huvimba na hazirudi. Bafuni hazifai kabisa, na jikoni zisiguse sakafu. Mbao halisi zikaushwe vizuri, hasa za mkaratusi, ambazo hupinda zikiwahishwa.

Mwisho ni kimo. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Austria, alibuni jiko dogo la Frankfurt, akihesabu hatua za mpishi ili kumpunguzia uchovu. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yalijengwa, na makabati mengi ya kisasa ni wajukuu wake. Lakini jiko lile lilibuniwa kwa mtu mmoja, na katika Kanzenze hupika mama, binti na jirani aliyekuja kusaidia. Fundi alikuwa amechora rafu kwa kimo chake mwenyewe. Tulimwomba mama asimame, anyooshe mkono, na alama ya penseli ikawekwa pale vidole vilipofika. Mchoro ukashuka kwa upana wa kiganja kizima.

Kisha mama akaomba jambo moja ambalo halikuwamo katika mchoro: rafu moja isiyo na mlango, inayotazama mlango wa kuingilia, kwa ajili ya ibyansi viwili alivyoachiwa na mama yake. Fundi alisema vitashika vumbi. Mama akajibu kwamba atavipangusa.

Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na kazi yetu ya kufundisha usanifu imekuwa nzito zaidi. Katika mtihani, wingi wa kabati unabaki makabati, na tutaendelea kufundisha hivyo. Hata hivyo, kosa lenye historia linastahili maelezo kabla ya mstari mwekundu. Kati ya alama mbili tulizokata, tumerudisha moja: ile tuliyoikata kwa kutojua.

Tunawaomba walimu wenzetu na wanafunzi, mtakapokwenda likizo, muingie majikoni mwa nyumbani kwenu na daftari. Muulize jina la kila kitu, na muulize pia kiliitwaje zamani. Nyumba nyingi zinakarabatiwa sasa, na uruhimbi unapobomolewa, jina lake nalo haliendi mbali.