Nyungu ya Kipupwe: Tarehe ya Tiba za Mafua katika Mwambao

Kila mwaka, masika yakiisha na kusi kushika nguvu, tangu mwezi wa Juni hata Agosti, watu wa mwambao huingia katika majira ya kipupwe, ambayo kwa mgeni atokaye Ulaya si baridi ya kutajwa, lakini kwa mwenyeji wa Lamu, Tanga au Unguja yatosha kumfanya afunge dirisha la upande wa bahari kabla ya magharibi, ajitande shuka alfajiri, na asalimiane na jirani yake kwa kuulizana habari za kifua. Ndipo katika majiko mengi, kando ya chungu cha wali, huinjikwa nyungu ya pili yenye majani ya mchaichai, mlimau, mpera na mkaratusi, ikafunikwa hata ichemke barabara. Kisha mgonjwa hukalishwa kigodani, akagubikwa shuka pamoja na nyungu yake, na kifuniko kikafunuliwa kidogo kidogo, apate kuvuta mvuke mpaka jasho limtiririke na pua zilizoziba zifunguke.

Ada hii huitwa dawa ya asili, na kwa kuwa mambo ya jikoni aghalabu hayapati mwandishi wa tarehe, wengi wetu hudhani kuwa nyungu ilikuwako hivi hivi tangu dahari, majani yale yale na viungo vile vile. Mwenye kufunua kifuniko na kuchungulia kwa makini ataona kuwa nyungu ya kipupwe ni mfano wa daftari la forodha: karibu kila kilichomo kina chombo kilichokileta, na kimojawapo, tena kile chenye harufu kali kuliko vyote, kimeingia nchi hizi juzi tu.

Tuanze na maneno, maana maneno ni shehena isiyolipa ushuru. Kile kinachomkereketa mgonjwa kifuani, ambacho kwa lugha ya kila siku huitwa kohozi, wazee wa pwani hukiita pia balghamu. Neno hilo Waswahili walilipokea kwa Waarabu, nao Waarabu walilitwaa kwa Wayunani waliosema phlegma. Nyuma ya neno hilo moja iko elimu nzima ya utabibu, iliyoanzia kwa wafuasi wa Hippocrates, ikapangwa na Galen katika karne ya 2, ikafasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, hatimaye ikakusanywa na Ibn Sina katika kitabu chake al-Qanun fi al-Tibb, alichokimaliza yapata mwaka 1025. Elimu hiyo ilisema kwamba mwili wa mwanadamu umesimama juu ya majimaji manne, yaani damu, balghamu, safura na sauda, kila moja lina tabia yake ya moto au baridi, ya unyevu au ukavu, na kwamba afya ni mizani kati ya hayo. Balghamu, kwa hesabu hiyo, ni ya baridi na unyevu; basi aliyezidiwa nayo hana budi kupewa vilivyo vya moto. Bibi wa Mombasa anayemkataza mjukuu wake madafu siku za mafua, akamwandalia uji wa pilipili manga, huenda hakupata kulisikia jina la Ibn Sina, ila hukumu anayoitoa jikoni ni ile ile ya Baghdad.

Na hivyo vya moto vilikuja na pepo za msimu. Pilipili manga asili yake ni Malabar, kusini mwa Bara Hindi, lakini Waswahili waliiita kwa jina la Manga, yaani pande za Uarabuni, kwa kuwa majahazi yaliyoishusha yalitoka huko. Tangawizi ina heshima ya kutajwa katika Kurani, Sura ya 76, katika habari za vinywaji vya watu wa peponi. Asali imesifiwa kwa shifaa yake katika Sura ya 16. Na habasoda imepokewa katika hadithi kuwa dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Karafuu, ambayo mafuta yake wengi huchua nayo kifua na mgongo, ni mgeni wa karne ya 19: mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandwe hata Unguja na Pemba zikawa mashuhuri duniani kwa zao hilo, na tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa shamba kuu.

Lakini mgeni wa ajabu kuliko wote ni mkaratusi, ambao leo harufu yake ndiyo harufu ya nyungu yenyewe. Mti huu asili yake ni Australia, ambako mwaka 1852 mtu aitwaye Joseph Bosisto alianza kukeneka mafuta ya majani yake na kuyafanyia biashara. Kenya uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, tena hakuna aliyekuwa akifikiria pua za mtu: ulipandwa upate kutoa kuni za magari ya moshi ya reli iliyotoka Mombasa na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Waliochuma majani yake na kuyatia chunguni waliongeza kitu kipya katika desturi ya zamani, wala hawakuona haya. Na miti ile ingali michanga, reli ile ile ikapakia maradhi ambayo hakuna jani lililoyaweza.

Wataliani, zamani za kuamini nyota, waliyaita maradhi hayo influenza, yaani taathira, wakidhani kuwa ni taathira ya sayari juu ya wanadamu. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1918 yalipita katika bandari za Bahari ya Hindi kama yalivyopita bandari zote za dunia, yakapanda reli kuelekea bara, yakawakuta watu waliokwisha kudhoofishwa na miaka minne ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Yalifuatana na wapagazi waliokuwa wakirejea makwao, wale wa Carrier Corps ya Waingereza ambao jina lao limesalia hadi leo katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, askari na wapagazi wake walipelekwa Tabora, na huko kambini watu waliookoka risasi na njaa ya porini wakauawa na homa ya mafua. Duniani kote hukadiriwa kuwa walikufa watu wapatao milioni 50. Na ilhali mafua ya kila mwaka huwachukua zaidi wazee na watoto wachanga, haya yaliwachukua pia vijana wenye nguvu, ndio wale wanaoteka maji na kuchanja kuni. Nyumba nzima ikilala siku moja, ni nani atakayeinjika nyungu?

Waganga wa Ulaya na Marekani hawakuwa na kilichozidi. Tangu mwaka 1892 walifuata rai ya Richard Pfeiffer, aliyedhani kuwa maradhi haya huletwa na bakteria fulani aliyoiona makohozini, nayo haikuwa yenyewe. Huko Marekani watu walikimbilia Vicks VapoRub, dawa ya kuchua iliyoanzia kwa Lunsford Richardson wa Greensboro katika miaka ya 1890, na mauzo yake mwaka 1918 yakapanda maradufu na zaidi. Nayo ukiitazama vilivyomo, kafuri, menthol na mafuta ya mkaratusi, ni nyungu iliyotiwa kikoponi. Hakujulikana mdudu mwenyewe mpaka mwaka 1933, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walipochukua maji waliyosukutua wagonjwa huko London, wakayatia puani mwa wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, na wanyama wakaugua: ni virusi, vidogo kuliko bakteria yoyote, na chanjo zikafuata katika miaka ya 1940.

Tangu hapo tiba za jikoni zimepimwa moja moja. Asali imeonekana kutuliza kikohozi cha watoto, ila aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, kwani yaweza kumdhuru vibaya. Maji ya moto ya tangawizi na limau hulainisha koo na kurudisha maji yanayopotea kwa homa. Mvuke humpa mgonjwa faraja ya saa chache, lakini hauui virusi, na maji yanayotokota yamewaunguza watoto wengi waliofichwa pamoja nayo chini ya shuka. Neno nyungu lilipotoka jikoni likaingia katika hotuba za viongozi wa Tanzania, wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020, wengi waliiomba ifanye kazi ambayo haikupata kuifanya hata mwaka 1918. Kinachoyazuia mafua ni chanjo, mikono iliyooshwa kwa sabuni, dirisha lililofunguliwa hewa ipite, japo kusi inavuma, na mwenye chafya kukaa mbali na wenziwe; na anayepumua kwa shida, au ambaye homa yake imeshuka kisha ikarudi kwa nguvu, apelekwe hospitali bila kungoja jasho.

Je, nyungu ivunjwe? La. Tazama inavyomfanya mgonjwa: imemtoa kazini na sokoni, imemweka ndani siku tatu akanywa, akapata joto na usingizi, na hayo ndiyo ambayo daktari wa leo humwagiza mwenye mafua yasiyo ya hatari. Daftari la forodha limeandika pilipili ya Malabar, karafuu ya Maluku na jani la Australia. Halikumwandika aliyeamka alfajiri kuchochea moto na kushika bakuli la uji mpaka likaisha, kwa kuwa yeye hakuja na chombo chochote. Katika nyumba za mwaka 1918 majani hayakukosekana. Aliyekosekana ni yeye.