Mzee mwenye kisukari anapopungukiwa nguvu: jinsi ya kupima udhaifu wa mwili na hatua za kuchukua

Je, unaishi na mzazi, babu, bibi au jirani mwenye kisukari ambaye siku hizi anatembea polepole, anakonda au anachoka kabla ya kufika bombani? Au ni wewe mwenyewe? Watu wengi husema, "Ni uzee tu." Lakini udhaifu wa mwili uzeeni unaweza kupimwa, na mara nyingi unaweza kupunguzwa ukigunduliwa mapema. Kwa mgonjwa wa kisukari kupima ni muhimu zaidi, kwa sababu dawa zilizomfaa alipokuwa na nguvu zinaweza kumdhuru sasa.

Makala hii ni kwa wakimbizi na wenyeji, iwe unaishi Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali, Kakuma au katika kijiji jirani. Haichukui nafasi ya daktari wala muuguzi. Inakusaidia kujua la kuangalia nyumbani na la kusema ukifika kituo cha afya.

Udhaifu wa mwili uzeeni ni nini?

Ni hali ambayo akiba ya nguvu ya mwili imepungua kiasi kwamba tatizo dogo, kama homa, kuharisha au kukosa mlo, linamwangusha mtu na anachelewa kupona. Si ugonjwa mmoja, na si kila mzee anao. Kuna mwenye miaka 80 anayelima bustani yake, na kuna mwenye miaka 62 asiyeweza kuinuka kitini bila kusaidiwa.

Kisukari huongeza hatari hii kwa njia kadhaa:

- Insulini isipofanya kazi vizuri, misuli hupungua, hasa ya mapaja na miguu.
- Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu hahisi ardhi vizuri na huanguka kirahisi.
- Macho na figo huweza kuathirika pia.
- Wengine huogopa chakula kupita kiasi, wakaacha hata maharage na mayai. Mgao nao ukipungua, mwili hukosa cha kujenga misuli.

Maswali 5 ya kuanzia

Wahudumu wa afya katika nchi nyingi hutumia maswali haya. Muulize mzee kwa heshima, mkiwa mmekaa faraghani. Kila jibu la "ndiyo" ni alama 1.

1. Katika wiki 4 zilizopita, umejisikia umechoka muda wote au muda mwingi?
2. Je, ni vigumu kwako kupanda ngazi 10 bila kupumzika na bila msaada? (Pasipo na ngazi, uliza kuhusu mwinuko mfupi anaoupanda kila siku.)
3. Je, ni vigumu kwako kutembea mita mia kadhaa bila msaada?
4. Je, una magonjwa 5 au zaidi kati ya haya: kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa figo, pumu, ugonjwa mwingine wa muda mrefu wa mapafu, saratani, maumivu sugu ya viungo?
5. Je, umepungua uzito kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya mwaka mmoja bila kukusudia? Kwa aliyekuwa na kilo 60, hizo ni kilo 3.

Alama 0 ni dalili njema. Alama 1 au 2 ni onyo: udhaifu unaanza, na huu ndio wakati mzuri wa kuchukua hatua. Alama 3 hadi 5 zina maana mzee anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya mapema.

Kama hakuna mizani, angalia nguo. Je, mkanda umesogea matundu mawili? Je, pete inateleza kidoleni?

Vipimo 4 unavyoweza kufanya nyumbani

Unahitaji kiti imara kisicho na magurudumu, kamba au rula ya kupimia, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Mtu mmoja asimame karibu na mzee wakati wote ili amdake akiyumba. Usipime kama ana kizunguzungu, maumivu ya kifua, kidonda mguuni, au kama hajala. Anayetumia fimbo atembee nayo.

Mwendo. Pima mita 4 kwenye ardhi tambarare. Mzee atembee mwendo wake wa kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde 5, mwendo wake umepungua.

Kuinuka kitini. Egemeza kiti ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara 5. Akitumia zaidi ya sekunde 15, au akishindwa, nguvu za miguu zimepungua.

Kuinuka, kwenda na kurudi. Ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Sekunde 12 au zaidi zinaonyesha hatari ya kuanguka.

Pete ya vidole. Kipimo hiki kilibuniwa Japani. Mzee akiwa ameketi, azungushe vidole gumba na vidole vya shahada vya mikono yote miwili kwenye sehemu nene ya shavu la mguu. Vidole vikikutana na kubaki nafasi, huenda misuli imepungua. Kama miguu imevimba, usitegemee kipimo hiki.

Andika tarehe na matokeo kwenye daftari la kliniki. Rudia baada ya miezi 3, au mapema zaidi mzee akiugua, akianguka au akilazwa.

Usikimbilie kusema ni uzee

Kukonda na kuchoka kunaweza kuwa na sababu inayotibika. Sukari iliyo juu sana humfanya mtu akonde, awe na kiu na akojoe mara nyingi. Kifua kikuu huwapata wagonjwa wa kisukari zaidi kuliko watu wengine, kwa hiyo kikohozi cha wiki 2 au zaidi kichunguzwe. Upungufu wa damu, maumivu ya goti, mtoto wa jicho na meno mabovu pia humdhoofisha mtu. Vivyo hivyo huzuni nzito ya kupoteza ndugu na makazi: mzee asiyetaka kula wala kutoka nje anahitaji kusikilizwa. Mwambie mhudumu haya yote.

Matokeo yanabadilisha nini katika matibabu?

Hili ndilo jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mgonjwa wa kisukari aliyedhoofika hahitaji sukari iwe chini kama ya kijana. Kwake, hatari ya leo ni sukari kushuka ghafla.

Miongozo ya kimataifa inakubali lengo lilegezwe. Kwenye kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3, mzee mwenye nguvu hulenga chini ya asilimia 7 hadi 7.5. Mzee dhaifu anaweza kulenga asilimia 8, na wakati mwingine 8.5. Anayepima asubuhi kabla ya kula, kiwango cha 90 hadi 150 mg/dL (5.0 hadi 8.3 mmol/L) kinawafaa wazee wengi wenye magonjwa kadhaa. Lengo la mgonjwa wako litawekwa na mhudumu wake.

Mwombe mhudumu apitie dawa zote. Glibenklamaidi na insulini ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa zinaweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa kama mzee amekosa mlo au figo zimechoka. Metformini peke yake huishusha kupita kiasi kwa nadra, lakini huwapunguzia wengine hamu ya kula. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mtu anaposimama.

Usiache wala kupunguza dawa mwenyewe. Nenda kituoni ukaseme wazi: "Mama anatumia dawa hizi. Amekonda, anatumia sekunde 20 kuinuka kitini mara 5, na siku nyingine anakula mlo mmoja tu. Je, dozi hii bado inamfaa?" Usione aibu kusema kwamba chakula hakitoshi. Bila kujua hilo, mhudumu hawezi kupanga dozi salama.

Dalili za sukari kushuka

Kutokwa jasho, kutetemeka, njaa kali na moyo kwenda mbio ni dalili za kawaida. Kwa mzee huenda usione hizo. Unaweza kuona amechanganyikiwa, anaongea ovyo, amelala kupita kawaida au ameanguka. Sukari chini ya 70 mg/dL (3.9 mmol/L) inahitaji hatua mara moja.

- Kama yuko macho na anameza, mpe maji yenye vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Kama huna kipimo, angalia dalili. Zisipoisha, rudia, kisha mpe chakula.
- Kama amepoteza fahamu, usimwekee kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mkimbize kituo cha afya.

Kumrudishia nguvu

Chakula. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga misuli: maharage, dagaa (ndagala), yai, maziwa au karanga. Mzee dhaifu aliyekonda hafai kuwekewa masharti ya kumpunguza uzito. Kama ana ugonjwa wa figo, uliza kwanza kiasi kinachomfaa.

Mazoezi. Aanze kwa kuinuka na kuketi kitini mara 5, asubuhi na jioni. Aongeze kuinua visigino akiwa ameshika ukuta, na matembezi mafupi. Ashike ukuta au mkono wa mtu mpaka azoee.

Miguu na nyumba. Kagua nyayo zake kila siku. Avae viatu vilivyofungwa. Ondoa kamba, mawe na madumu njiani, na weka taa njia ya chooni.

Msaada. Mjulishe mhudumu wa afya wa jamii na shirika linaloshughulikia watu wenye mahitaji maalum. Uliza kama mtu mwingine anaweza kuandikishwa kumchukulia mzee mgao, ili asisimame foleni juani bila kula.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kama mzee ameanguka na kuumia, ana kidonda mguuni, anatapika au hawezi kula, amechanganyikiwa ghafla, au sukari imeshuka zaidi ya mara moja ndani ya wiki. Beba dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na daftari lenye matokeo uliyoandika.