Majani ya Kutazamwa

Mwaka 1958, nikiwa na umri wa miaka minane, marehemu baba alikuwa akifyeka majani katika nyumba ya ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni pale Tabora. Kazi ilianza kabla jua halijachomoza. Shule zilipofungwa nilifuatana naye nikimbebea jiwe la kunolea. Alikuwa na fyekeo moja tu, lile la chuma bapa lililopindwa nchani, na kwa fyekeo hilo alisawazisha uwanja mzima wa ukoka hatua kwa hatua, mkono wa kushoto kaupeleka mgongoni. Kiangazi kilipokaza alibeba maji kwa debe na kuunywesha uwanja ule kila jioni, na huku nyumbani kwetu tukipimiana maji ya kuoga.

Kwetu hapakuwa na unyasi hata mmoja mbele ya mlango. Mama alifagia kila asubuhi mpaka udongo ukabaki na mistari ya ufagio. Majani karibu na nyumba yalikuwa aibu. Apitaye angesema humo ndani mna mgonjwa, au mna mvivu, au wenyewe wamehama. Tena kuna nyoka. Kwa hiyo nilidhani kwamba Mzungu yule alikuwa na ng'ombe wake mahali fulani ambao sisi hatujaonyeshwa. Siku moja nilimwuliza baba majani yale ni ya nini hasa. Akaendelea kunoa, kisha akasema, "Ya kutazamwa, mwanangu."

Niliposoma habari hizi ukubwani niliona kuwa baba, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa amesema kweli tupu. Uwanja wa majani mbele ya nyumba, kama tuujuavyo leo, ulikuzwa na matajiri wa Ulaya, na hasa wenye mashamba makubwa wa Uingereza katika karne ya 18. Lancelot Brown, aliyefariki mwaka 1783, alipata jina kubwa kwa kuwabuni mandhari ya majani yaliyotanda kutoka ukutani mwa jumba hadi upeo wa macho. Ardhi ambayo ingeweza kulimwa ikaachwa itazamwe. Ndiyo ilikuwa maana yake: mwenye nyumba huyu ana ardhi nyingi kiasi cha kutoihitaji.

Lakini majani hayajikati. Mbali kidogo na nyumba walifunguliwa kondoo, na mtaro mrefu ukachimbwa ili wasifike mlangoni, mtaro ambao aliyekaa sebuleni hakuuona. Karibu na nyumba walihitajika watu wenye miundu mirefu ya kushikwa kwa mikono miwili. Walianza alfajiri, wakati wa umande, kwa kuwa majani yaliyolowa hukatika vizuri zaidi. Nyuma yao walikuja wa kufagia na kuzoa. Asiyekuwa na watumishi hakuwa na uwanja. Wamarekani wakubwa waliiga. George Washington kule Mount Vernon na Thomas Jefferson kule Monticello walikuwa na viwanja vyao vya majani, na mikono iliyovitunza ilikuwa ya watumwa. Jambo hilo husemwa kwa sauti ndogo katika vitabu vya bustani.

Mabadiliko yaliletwa na fundi mmoja wa Gloucestershire, jina lake Edwin Budding. Eneo lake lilikuwa la viwanda vya nguo za sufu, na viwandani humo kulikuwa na mashine yenye visu vilivyozungushwa kwenye mche ili kunyoa manyoya ya juu ya kitambaa. Budding akawaza kwamba kinachonyoa sufu kinaweza kunyoa ardhi. Mwaka 1830 akapata hati ya uvumbuzi ya mashine ya kwanza ya kukatia majani. Ilikuwa ya chuma, nzito, ya kusukumwa. Bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa awali, na msimamizi wake alisema kuwa ilifanya kazi ya watu sita hadi wanane wenye miundu na mifagio. Sijui kama kuna aliyewauliza hao sita hadi wanane.

Katika maelezo aliyoyatoa kuombea hati yake, Budding alitaja kwamba hata mabwana wenyewe wa mashambani wangeweza kuisukuma mashine hiyo na kupata mazoezi yenye manufaa na afya. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Nilimwona yule ofisa wa Tabora, soksi zake nyeupe zimefika magotini, akisukuma chuma kile huku baba ameketi kivulini.

Mabwana hawakuwa na haraka ya kusukuma chochote. Mashine ile iliwafaa zaidi watu wa kati, karani na fundi na mwenye duka, wenye nyumba ndogo na wasio na watumishi, na hasa Marekani. Wenye viwanda wakazidi kuipunguza uzito. Mwaka 1899 Mmarekani mweusi, John Albert Burr, alipewa hati ya mashine iliyorekebishwa ili isizibwe na majani yaliyokatwa na iweze kupita karibu na kuta. Kisha ikaja sheria ya kazi ya mwaka 1938, ambayo kufikia 1940 ilikuwa imeweka saa 40 kuwa kipimo cha wiki kwa wafanyakazi wengi. Jumamosi ikabaki wazi, na majani yakaijaza.

Hivyo ndivyo nilivyoyakuta mwaka 1984 nilipokwenda kusoma Columbus, Ohio. Jumamosi yangu ya kwanza nilimwona profesa wangu, mtu mwenye vitabu vyake maktabani, amevaa kaptura iliyochakaa anasukuma mashine huku jasho likimtiririka. Nilisimama njiani nikaamkia. Sikujua nimpe pole au hongera. Kwetu mtu wa cheo chake angeonekana hivyo watu wangeuliza amefukuzwa lini.

Mimi na wenzangu tulipanga nyumba yenye uwanja, na mimi nikajitwika kazi ya kukata kwa kuwa, nilijigamba, ni kazi ya ukoo wetu. Nikaishusha mashine chini kabisa, nikakata kama baba alivyokata ukoka. Katika wiki mbili za jua kali uwanja ukawa wa manjano, na penye upara yakachipuka magugu ya kutambaa. Kosa lilikuwa langu. Mzee jirani, mstaafu, alivuka uzio akaniinamia na kunionyesha. Majani ya huko, ambayo huitwa ya Kentucky ingawa yaliletwa na walowezi kutoka Ulaya, husimama wima na hutaka kuachwa marefu, inchi mbili na nusu au tatu. Jani ndilo linalopika chakula cha mzizi, na ukilinyoa sana mzizi nao hufupika na kiu huwahi kuufikia. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Noa kisu, kwa maana kisu butu huchana, na ncha hukauka. Yaliyokatwa yaache pale pale, yataoza na kurudisha mbolea. Maji mara chache lakini mengi, ili mizizi iyafuate chini.

Ukoka, kwa upande wake, hutambaa juu na chini ya ardhi, na ndiyo maana huvumilia kunyolewa. Wamarekani wa kusini wanaupanda sana na wanauita wa Bermuda, ilhali asili yake ni Ulimwengu wa Kale, Afrika ikiwemo. Majani aliyoyafyeka baba yalikuwa yamesafiri kabla yangu.

Mzee yule alinieleza pia jambo ambalo sikulitegemea. Utotoni mwake mbegu za uwanja ziliuzwa zikiwa zimechanganywa na klova, mmea mdogo wa majani matatu ambao huvuta naitrojeni hewani na kuilisha ardhi bure. Baada ya vita, kuanzia 1945, dawa ya kuua magugu iitwayo 2,4-D iliingia madukani. Iliua mimea ya majani mapana na kuyaacha majani membamba. Klova ni ya majani mapana, ikafa pamoja na magugu, na baada ya miaka michache nayo ikahesabiwa kuwa gugu. Mwenye nyumba akawa ananunua dawa ya kuua kilichomrutubishia ardhi, halafu ananunua naitrojeni mfukoni.

Miaka hiyo hiyo ndipo ulipojengwa mji wa Levittown, Long Island, kuanzia 1947, maelfu ya nyumba zinazofanana, kila moja na uwanja wake. Mkataba ulimtaka mkaaji akate majani kila wiki katika msimu, na asipokata, kampuni ilituma mtu akate na kumpelekea hesabu. Mkataba huo huo wa mwanzo ulikataza nyumba ikaliwe na mtu asiye mweupe, isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani. Nilisoma masharti hayo mawili siku moja maktabani, nikarudi nyumbani, nikakata majani yangu, na sikusema na mtu jioni ile. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba mahakama zisitumiwe kutekeleza masharti ya rangi ya namna hiyo, lakini desturi ilikaa muda mrefu kuliko hukumu.

Siku hizi hesabu yenyewe inaanza kuwashinda. Utafiti wa mwaka 2005 uliotumia picha za setilaiti ulikadiria kwamba majani ya viwanjani yalifunika takribani kilometa za mraba 160,000 Marekani, zaidi ya zao lolote lingine linalomwagiliwa huko. Nevada, jimbo la jangwa, ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuondoa eneo la Las Vegas majani yasiyo na kazi ila kutazamwa. Niliposikia hivyo nilimkumbuka baba na debe lake.

Nilipostaafu mwaka 2010 nilijenga Morogoro, na mbele ya nyumba nikapanda ukoka. Mama alipokuja kunitembelea alisimama getini na fimbo yake, akautazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, umesoma kote kule, na umerudi kufuga nyoka?" Usiku alitaka ufagio.

Nina mashine ya mtumba ya kusukuma kwa mkono, jamaa ya ile ya Budding, haina injini. Kwa miaka mingi niliisukuma mwenyewe kila Jumamosi, na nakiri nilifurahia majirani walivyonitazama. Nilijiona nimemlipia baba deni fulani. Kisha mwaka jana kijana mmoja alisimama getini akaamkia, "Shikamoo mzee. Nikufyekee?" Nikamjibu kwa fahari kwamba hapa najikatia. Akasema, "Sawa mzee," akaendelea na njia, fyekeo begani, na mlango uliofuata nao haukufunguliwa.

Kule Ohio nisingekuwa na neno. Hapa nilikaa nalo juma zima. Baba alilishwa na kazi ile, na sisi tulilishwa nayo, nami nilisoma kwa fyekeo lile.

Jumamosi iliyofuata nilimngoja getini. Tulipatana bei, nikampa mashine, mimi nikachukua reki. Alitaka kuishusha chini kabisa ili, alisema, isinisumbue tena mwezi mzima. Nikamwambia tuipandishe kidogo, mvua bado. Alipomaliza upande wa mwembe alisimama, akagusa kisu kwa kidole, akaniuliza kama nina jiwe la kunolea. Nikaingia ndani kulitafuta.