Laptopu imegoma kuwaka Chanji: kisa cha siku tatu na historia ya miaka sitini

Najua nimepotea, msinitupie mawe. Chuo kimefungwa na mimi nipo nyumbani Chanji, Sumbawanga, najikunyata na sweta kama kuku wa mvua. Nilitaka kuwaandikia mapema ila kompyuta ilinigomea. Leo nawapa kisa chote, na kwa kuwa mnanijua mtu wa historia, mtavumilia nikirudi nyuma kidogo.

Iko hivi. Ile laptopu yangu ndogo, ya inchi kumi, niliyorithi kwa kaka, Alhamisi ilizimika umeme ulipokatika. Betri yake ilishakufa zamani, hivyo chaja ikikosa umeme na yenyewe inakata hapo hapo. Umeme uliporudi nikabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka, feni ikazunguka sekunde moja, halafu kimya. Skrini nyeusi tii. Nikabonyeza tena, hivyo hivyo.

Sasa, kilichonitoa jasho kwenye baridi hii si laptopu yenyewe. Ndani yake kuna mazungumzo matatu niliyorekodi kwa ajili ya tasnifu yangu, na mzee mmoja wa huku ambaye baba yake alibeba mkaa wa kuyeyushia chuma. Nilishafuta kwenye simu ili nipate nafasi. Nakala nyingine sina. Na yule babu alituacha mwezi wa pili. Mnaelewa sasa?

Pale nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Shangazi akacheka, "Mwanangu, si uko Sumbawanga, wamekutupia?" Si mnajua jina la mji wetu watu hulitafsiri kuwa "tupa uchawi", basi utani huo hatuuachi. Mi nikaibeba hadi kwa fundi mmoja jirani, anayetengeneza redio na simu kwenye kibanda chake.

Nikamwambia, "Shikamoo kaka, hii imekufa." Akajibu, "Marahaba. Imekufa umejuaje, umeipima?" Nikanyamaza. Akasema tutakwenda kwa mstari, kutoka umeme unapoingia hadi pale unapokwama, hatuanzi na kubahatisha.

Kwanza chaja. Akaweka mita, ikasoma volti 19, sawasawa na ilivyoandikwa. Pili, akatoa betri na chaja, akabonyeza kitufe cha kuwashia nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, akarudisha chaja peke yake. Wapi. Tatu, akamulika skrini kwa tochi kwa upande. Kama taa ya skrini ndiyo iliyokufa, picha ingeonekana hafifu. Hakuna kitu. Nne, akafungua kifuniko cha chini, akachomoa ramu, ile kadi ya kumbukumbu ya muda, akasugua meno yake kwa ufutio wa shule, akairudisha. Bado.

Giza likaingia, akaniambia nirudi kesho. Usiku huo sikulala, nikawa nawaza mambo ya 1974.

Labda niwaeleze. Kompyuta ya kwanza serikalini kwetu ilifungwa mwaka 1965 Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, ya kampuni ya Uingereza, ingawa mashine yenyewe asili yake ni RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa jina jingine. Mashine za namna hiyo zilijaza chumba kizima. Ilipewa kazi ya hesabu za serikali. Baadaye zikaja nyingine, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashine nchini zilikuwa chache tu, za kuhesabika kwa vidole. Matatizo yakaanza. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ikaenda kombo, fedha nyingi zikapotea. Wataalamu walioelewa mifumo ile wengi walitoka nje, na Watanzania waliofundishwa walikuwa wachache. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalumu.

Tukiwa darasani huwa tunaicheka ile marufuku. Tunasema wazee waliogopa teknolojia, wakatuchelewesha. Na kweli tulichelewa: Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu 1973, Bara tukasubiri hadi 1994. Lakini usiku ule, nikiwa na laptopu iliyokufa mezani, kwa mara ya kwanza niliwaelewa. Fikiria umeweka hesabu za nchi nzima ndani ya sanduku, siku likigoma hujui pa kuanzia kulifungua, na anayejua yuko ng'ambo na anadai fedha za kigeni ambazo huna. Hasira yake si ndogo. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni dawa waliyochagua. Ugonjwa ulikuwa uhaba wa mafundi. Ukizuia mashine zisiingie, hao mafundi watajifunzia wapi? Marufuku ikalegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980, lakini mwanafunzi wa kawaida wakati huo kompyuta aliisikia tu.

Hadi mtu wa kawaida kama mimi apate yake ilibidi mashine zishuke bei. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa MIT alitangaza mpango wa laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto. Bei hiyo hawakuifikia, ila waliwaonyesha watengenezaji kwamba duniani kuna watu wengi wanaotaka mashine ndogo ya bei nafuu. Oktoba 2007 Asus ikatoa Eee PC, skrini ya inchi 7, uzito chini ya kilo moja, hifadhi ya gigabaiti 4 tu, ikitumia Linux. Mwaka 2008 Intel ikaleta prosesa ya Atom, na kampuni nyingine zikaruka humo humo. Watu wakaziita netibuku. Julai 2009 mkebo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, na intaneti ikaanza kutoka kwenye kutegemea setilaiti. Kufikia mwisho wa 2012 watengenezaji wakubwa walikuwa wanaziacha, tableti zimeziua. Kwao zikawa takataka, kwetu zikaendelea kuja kama mtumba. Yangu ni ya kizazi hicho. Hakuna dukani wala kiwandani anayeijali tena, ikifa ni mimi na fundi wa Chanji.

Haya, Ijumaa. Fundi alianza na ile betri ndogo ya duara kama sarafu iliyo kwenye bodi kuu, mafundi huiita mazabodi. Inapaswa kuwa na volti 3, ilikuwa chini ya 2. Akabadilisha. Saa ya mashine labda ingepona, ila kuwaka haikuwaka. Akakaa kimya, akasema, "Dogo, umeme upo, ramu nzima, lakini hata haianzi kujikagua. Hii ni baiosi."

Baiosi ni programu fupi iliyo kwenye chipu ndani ya bodi. Ukibonyeza kitufe ndiyo ya kwanza kuamka: inakagua ramu, kibodi na diski, halafu ndiyo inaiita Windows au Linux. Jina hilo lilienea kwa kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Zamani chipu hiyo haikuandikika tena, ikitoka kiwandani imetoka. Miaka ya 1990 wakaanza kutumia chipu zinazofutika na kuandikwa upya, ili programu irekebishwe bila kubadilisha chipu. Raha, lakini kinachoweza kuandikwa kinaweza pia kuharibiwa. Mwaka 1998 mwanafunzi wa chuo huko Taiwan, Chen Ing-hau, alitengeneza kirusi kilichoitwa CIH. Tarehe 26 Aprili 1999 kikalipuka, kikafuta mwanzo wa diski na kwenye mashine nyingine kikafuta hadi baiosi. Watu wakaamka na kompyuta kama yangu: taa inawaka, skrini nyeusi. Mwanafunzi kama sisi huyo, jamani!

Yangu haikuwa na kirusi. Fundi anadhani umeme ulikatika wakati chipu inaandikwa kitu. Umeme wa huku nao una historia yake. Kwa miaka mingi Sumbawanga hatukuwa kwenye gridi ya taifa, tuliupata kutoka Zambia kwa laini inayopitia Mbala. Kipindi cha mvua na radi mnajua wenyewe ilivyokuwa.

Jumamosi tukatafuta faili la baiosi la aina ile ile ya mashine, tukalipakua kwa simu, tukaliweka kwenye flashi iliyofutwa, kwa jina lile lile ambalo mashine inalitafuta. Betri nje, chaja nje. Unashika vitufe viwili vya kibodi, unachomeka chaja huku umeshika, unabonyeza cha kuwashia. Taa ya flashi ikaanza kupepesa. Fundi akasema usiguse kitu, umeme ukikatika sasa hivi ndiyo basi. Dakika kama nne hivi, mi naomba kimoyomoyo. Ikazima yenyewe, ikawaka yenyewe. Maandishi meupe yakatokea. Nilipiga kelele mpaka mama ntilie wa jirani akaja kuchungulia.

Diski ilikuwa nzima. Nikafungua mazungumzo ya kwanza, sauti ya babu ikajaa kibanda. Anaeleza ilungu, lile tanuru refu la Wafipa, kama meta 3, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto. Chuma kikitoka humo bado kichafu, kinapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, huko ndiko mivukuto inatumika kukisafisha. Mabaki ya malungu bado yamesimama sehemu sehemu Ufipa, lakini kazi yenyewe ilikufa karne iliyopita, majembe ya dukani yalipoingia na utawala wa kikoloni ukabana. Kuna mahali babu anasema, "Mjukuu wangu, kuona tanuru tuliliona sote. Aliyejua kwa nini leo limegoma, huyo alikuwa mmoja, naye hakumwambia mtu."

Fundi alisimamisha kazi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu, akaandika nyuma ya boksi la simu hatua zote sita tulizopita, kwa mpangilio, pamoja na jina la faili na vitufe vya kushika. Akalibandika ukutani. Nikamuuliza haogopi wateja watajifunza wamkimbie? Akasema, "Kuna mdogo wangu anakuja kujifunza Jumatatu."

Malipo alichukua ya betri ya sarafu tu, mengine akasema nimletee nakala ya sauti ya babu. Nimempa. Nyingine ipo kwenye flashi kwa shangazi, nyingine nimemtumia mwalimu wangu. Na wewe unayesoma hapa, tasnifu yako iko sehemu ngapi? Kama ni moja, acha kusoma, nenda kanakili sasa hivi.

Tuko pamoja wadau. Chuo kikifunguliwa nakuja na ulezi.